Kundi letu la matembezi Dar limekufa safari ya pili. Tulikosea wapi?

mama_wawili_tabata

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba ushauri, na naomba msinicheke sana.

Mwezi wa tatu mimi na mashosti zangu wa kikoba tulianzisha kundi la matembezi. Wazo lilikuja siku ya kugawana hisa. Kila mwisho wa mwezi tunakutana, tunahesabu hela, tunakula pilau, tunaagana. Mtu umezaliwa Ilala, umekulia Ilala, una miaka 41, na Makumbusho ya Taifa hujakanyaga tangu ile ziara ya darasa la sita. Tukasema basi, kila mwezi tuwe na sehemu moja ya kwenda kujifunza kitu, iwe historia, iwe mambo ya sayansi, wakubwa na watoto pamoja.

Safari ya kwanza Bagamoyo. Kwenye kundi la WhatsApp walijiandikisha 27. Mchango elfu kumi na mbili kichwa. Nikakodi kosta kwa laki tatu, nikaitanguliza mwenyewe kwa sababu mwenye gari alitaka hela yote mkononi. Asubuhi saa moja tupo kituoni, tumefika 11. Mmoja "nipo njiani", mwingine "mtoto ameamka na homa", waliobaki wameingia mitini, simu hazipatikani. Tumeondoka saa tatu kasoro. Foleni ya Tegeta mnaijua. Kaole tumefika saa sita, jua la utosi, mwongozaji anataja karne kama kondakta anavyotaja vituo, watoto wanalia njaa, watu wazima wanapiga picha na mbuyu. Nimerudi nyumbani na hasara ya laki na elfu sitini na nane, na tulichojifunza ni kwamba ukiuzunguka ule mbuyu unaongeza umri.

Safari ya pili nikatangaza Pugu. Walikuja watano. Wawili kati ya hao ni wanangu.

Nauliza kwa waliowahi kuendesha kitu kama hiki: watu wa Dar hawapendi, au mimi ndiye sijui kupanga? Na kwa kuanzia, nianze na wapi pasiponitia hasara?

---

kijana_wa_sinza

Pole sana mama wawili. Watu wa Dar tunapenda, ila tunapenda kwenye simu. Kujiandikisha ni bure, kwa hiyo hata mimi ningejiandikisha.

Swali dogo: kwenye kikoba chenu mtu akichelewa kikao mnamfanyaje?

---

mama_wawili_tabata

Faini elfu mbili. Asipokuja bila taarifa, elfu tano. Na wanalipa, maana jina linasomwa.

---

kijana_wa_sinza

Sasa umeniuliza nini? Watu ni walewale, sheria unayo, daftari unalo. Kwenye matembezi umewaacha wawe wageni waalikwa. Hela haijaingia, jina haliandikwi. Mwisho Jumatano. Alhamisi unahesabu vichwa ndipo unatafuta gari, siyo gari kwanza halafu vichwa.

---

mwalimu_mstaafu_kunduchi

Shikamoo zenu nimezipokea, hata za ambao hawajaamkia.

Mwanangu wa Tabata, nimefundisha jiografia sekondari miaka 31, na nimepeleka watoto wa watu kwenye ziara nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Huyo kijana wa Sinza amekumalizia la hela, silirudii. Mimi nataka kusema la Kaole, maana limeniuma.

Mlifika saa sita, mkaonyeshwa msikiti wa karne ya 13, mkaonyeshwa makaburi, mkaonyeshwa mbuyu. Kuna aliyewauliza bahari iko wapi? Kaole ilikuwa bandari. Watu wa pale waliishi kwa vyombo vya baharini. Leo ukisimama msikitini huoni maji, unaona mikoko. Tope lilijaa, mikoko ikalifuata, vyombo vikashindwa kuingia, na biashara ikasogea pale Bagamoyo kwenye ufukwe ulio wazi. Mimi nilipokuwa na wanafunzi sikuwa nawaambia hayo. Nilikuwa nawaambia: nitafutieni bandari, mna dakika ishirini. Wanazunguka, wanabishana, wanamuuliza mlinzi. Mwaka mmoja kijana wa kidato cha pili akarudi na viatu vimejaa tope mpaka kwenye kamba, akasema, "Mwalimu, bandari imeota miti." Nimesahihisha mitihani mpaka macho yakachoka, sijapata jibu la kulishinda hilo.

Kwa hiyo Bagamoyo si kosa. Kosa ni kwenda na gari limejaa watu bila swali hata moja. Chukua swali moja tu kwa safari moja, mengine yaache. Mkienda tena Bagamoyo, msiende Kaole na Ngome Kongwe na Misheni na soko la samaki siku hiyohiyo. Hiyo ni kukimbiza mwenge.

Kwa kuanzia, anzia mjini Jumapili asubuhi. Kosta ya nini? Nauli ya daladala mpaka Posta, kila mtu na yake, asiyekuja kajinyima mwenyewe. Jumapili saa mbili mtaa wa Samora mtu anaweza kutembea katikati ya barabara akiimba. Simameni kwenye Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa 1927, na maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Kabla yake pale alisimamishwa gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, sanamu yake ikaondolewa Waingereza walipoingia mjini 1916. Usiwahutubie hayo yote. Waambie watoto watazame ncha ya singe imeelekea wapi, halafu waifuate. Wataishia bandarini, ambako ndiko ilikoelekea.

Pale mbele ya bahari mna kanisa la Kilutheri la Azania Front, mna St. Joseph la Wakatoliki, yote mawili ya zama za Wajerumani, karne ya 19 ikielekea ya 20. Yapiteni tu, mnayajua. Swali lenu liwe Boma la Kale. Hilo ni la zama za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860, mji wenyewe ukiwa bado mchanga. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mahali popote mnapokuta jiwe halijapigwa lipu, kwenye hilo au kwenye nyumba nyingine za kale za pwani, mwambie mtoto asogeze jicho karibu. Ataona vitundu vimepangika kama sega la nyuki. Kila kitundu kiliishi mdudu wa baharini. Ukuta huo ulikuwa hai.

Hapo mmeshapata historia na sayansi kwa bei ya daladala mbili. Kama miguu bado ipo, Makumbusho ya Taifa ni mwendo mfupi, Mtaa wa Shaaban Robert. Nendeni moja kwa moja kwa Zinjanthropus, yule wa Olduvai ambaye Mary Leakey alilifukua fuvu lake tarehe 17 Julai 1959. Ana miaka milioni 1.75 hivi. Jina lake linatokana na Zinj, jina la zamani la pwani yetu, ingawa mwenyewe ni mtu wa bara kabisa. Sisi tumemkopesha jina tu. Mwambie kila mmoja apitishe ulimi kwenye magego yake mwenyewe, taratibu, ayahesabu. Ndipo aangalie magego ya yule bwana. Watacheka, halafu watanyamaza. Mtoto mmoja aliniuliza, "Huyu alikuwa anakula mawe?" Siku hizo walimwita mpasua kokwa, nami nikajibu hivyo, njugu na kokwa ngumu. Baadaye wataalamu walipopima kemia ya meno yake wakakuta chakula chake kikubwa kilikuwa nyasi na jamii ya ndago. Ndago ileile inayokusumbua shambani. Yule mtoto sasa ni baba wa watu na mimi bado nina deni lake la kumsahihishia.

Msisahau vitambulisho. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, cha mgeni ni kikubwa, na mlangoni hawasomi sura.

---

mzaramo_wa_kisarawe

Mwalimu, marahaba haikuja kwa jina langu lakini naichukua.

Mama wawili, Pugu uliiendea saa ngapi? Nadhani saa nne asubuhi. Ndiyo maana watano waliona miti.

Pugu ni ya jioni. Ule msitu sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, Pugu Kazimzumbwi, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, unalipa getini na unapewa mtu wa kukuongoza. Kuna mashimo ya mgodi wa zamani wa kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo na vigae. Watu waliacha kuchimba, popo wakahamia. Jua likizama wanatoka. Mwanzo mmoja, wawili, unadhani ndiyo basi. Halafu mdomo wa shimo unakuwa kama unavuta moshi kuutoa nje. Kaa kando, usizibe njia, usimulike tochi, na usiingie ndani ya shimo ukivuta lile vumbi la kinyesi, si zuri kwa mapafu. Binti yangu alihesabu mpaka mia nne akakata tamaa.

Kisha kaeni kimya dakika kumi mumsikilize komba. Mle kuna komba mdogo sana wa Rondo, hafiki hata gramu 100, mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa, na duniani kote anaishi kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Wewe unapanda daladala Gongo la Mboto unamkuta. Kumwona ni bahati. Kumsikia inawezekana, kama kwenye kundi lako hamna mwenye spika ya muziki. Hilo liwekee faini kubwa kuliko ya kuchelewa.

Kuna jambo moja silipendi. Watu wanakuja pale na magunia ya mkaa wameyafungasha kwenye buti wakati wa kurudi. Umetoka kumsifia komba, unarudi na nyumba yake.

---

kijana_wa_sinza

Hilo la mkaa limenigusa, nimeshawahi. Sitasema lini.

---

mama_wawili_tabata

Jamani asanteni. Mwalimu shikamoo tena, mimi nimeamkia.

Nimerudi kuleta taarifa. Jumapili iliyopita tumefanya ile ya mjini. Nilitangaza kwa sheria za kikoba: hujalipa Jumatano, hujaandikwa. Kwa kuwa hakuna gari, mchango ulikuwa elfu tatu, ya maji na mihogo, viingilio kila mtu na vyake. Walilipa tisa. Wakaja tisa! Mmoja alichelewa dakika 25 kafika na elfu mbili ya faini ameishika mkononi, hata hatujamuuliza.

Ncha ya singe, wanangu waliifuata kweli. Yule wa miaka sita alikuwa amenyoosha kidole mbele njia nzima ili asipotee. Kwenye ukuta wa matumbawe tulikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu dada mmoja wa kwetu anayeuza vifaa vya ujenzi alianza kuuliza chokaa waliichoma vipi, wakabishana na fundi mmoja mpita njia ambaye hata hatumjui. Akatueleza matumbawe yanapangwa juu ya magogo yanachomwa mpaka yanakuwa unga. Alisema babu yake alifanya kazi hiyo Mbweni. Tukamgawia muhogo.

Magego sasa. Watu wazima tisa na watoto tumesimama mbele ya kioo ndimi zinazunguka mdomoni. Mlinzi alituangalia, sijui alifikiri nini.

Mwalimu, umesema sayansi na historia. Wangu wa miaka 11 anataka "sayansi yenyewe", ya kupima kitu. Kuna ya karibu isiyohitaji maabara?

---

mwalimu_mstaafu_kunduchi

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha, hasa huyo wa faini mkononi.

Ipo, na imekuja yenyewe. Njooni kwetu Kunduchi tarehe 10 Oktoba. Mwaka huu ni Jumamosi.

Nitaeleza kwa nini siku hiyo. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua kila mwaka linatembea kaskazini na kusini, kwa hiyo linapita juu ya utosi wetu mara mbili: mwanzoni mwa Machi, tarehe 3 hivi, na tarehe 10 Oktoba hivi. Siku hizo, jua likifika kileleni, fimbo iliyosimama wima haina kivuli. Hakuna. Chupa ya maji inakuwa na kivuli chini ya kitako chake tu. Watu wa Ulaya wanaweza kuzeeka bila kuliona hilo nyumbani kwao, sisi tunalo mara mbili kwa mwaka na tunapita juu yake tukitafuta bajaji.

Na haitakuwa saa sita kamili. Saa zetu zimefungwa kwenye mstari wa longitudo 45, sisi tuko kwenye 39 na kidogo, kwa hiyo jua linatufikia likiwa limechelewa. Oktoba kilele chake kinaangukia kama saa sita na dakika 10. Machi ni kama saa sita na dakika 35. Kwa nini miezi hiyo miwili itofautiane, huyo wa miaka 11 mwache alale nalo kwanza. Aje na fimbo iliyonyooka ya mita moja, uzi wenye jiwe wa kupimia wima, na daftari. Kuanzia saa tano na nusu aweke alama ya ncha ya kivuli kila dakika tano. Ataona kinanywea mpaka kinaisha, halafu kinatokea upande wa pili.

Sasa la pili, ambalo ndilo lililonifanya nisome kalenda mara mbili. Siku hiyohiyo mwezi uko gizani. Giza la mwezi ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kuliko siku nyingine. Kwetu huku kupwa kwa bamvua kunaangukia asubuhi, kati ya saa nne na saa tano, maji yanarudi nyuma mpaka unadhani yamehama. Kwa hiyo saa nne kasoro mko ufukweni, mnashuka na maji, saa tano na nusu mmesharudi juu mnasimamisha fimbo. Bahari na jua vimewapangia ratiba, hamna haja ya mwenyekiti.

Kule chini vaeni raba za zamani, asiende mtu pekupeku. Mkitembea kwenye mchanga wenye maji burutisheni miguu, yule samaki taa hujifukia na mwiba wake si wa mchezo. Mtakuta kiti cha pweza, jongoo bahari, kaa wa kila namna. Mguse kwa kidole, msibebe. Mtawakuta na akina mama wanachokoa pweza. Waamkieni kwanza. Ukimwamkia vizuri mama mmoja wa pale atakufundisha kulitambua shimo la pweza kwa takataka za magamba alizozitupa mlangoni, kitu ambacho mimi na shahada yangu nilikijua nikiwa na miaka 50.

Kivuli tukipimie karibu na magofu, chini ya mibuyu, kwa ruhusa ya mhusika wa pale. Pana msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo, nguzo hizo zilikuwa zimepambwa kwa sahani za kauri kutoka mbali, China ikiwemo. Nyingi hazipo, mtaona vishimo vya mviringo vilivyobaki. Yale ni makaburi ya watu, pana wenyewe mpaka leo. Watoto wasipande, na picha za kujikalisha juu yake sizitaki nikiwepo.

Wingu likija, limekuja. Oktoba vuli inaweza kuanza kubisha hodi. Mtakuwa mmepata bahari.

---

mzaramo_wa_kisarawe

Mwalimu hapo kwenye giza la mwezi umenikumbusha bibi yangu, alikuwa hapandi mbegu mpaka aulize Kilimia, lile kundi la nyota, kiko wapi. "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Nimeikariri toka utotoni, kukitafuta angani nimeanza nikiwa na wajukuu. Jumamosi hiyohiyo jioni wanaotaka waje Kisarawe, giza ni zuri, popo kwanza halafu nyota.

---

kijana_wa_sinza

Asubuhi Kunduchi, jioni Kisarawe? Mwalimu kasema swali moja safari moja.

---

mzaramo_wa_kisarawe

Haya, mwezi wa 11. Hasira za nini.

---

mama_wawili_tabata

Nimeshafungua ukurasa wa Oktoba 10 kwenye daftari la kikoba. Mwisho wa malipo Jumatano tarehe 7. Mpaka sasa wameandikwa 14, na sita kati yao ni wale walioingia mitini siku ya Bagamoyo. Nimewatoza kabla.

Kasoro moja tu. Wangu wa miaka sita ameambiwa na kaka yake kwamba siku hiyo kivuli chake kitapotea. Tangu jana anauliza kinakwenda wapi na nani atakirudisha, na usiku amekataa kuzima taa. Mwalimu nimwambieje?

---

mwalimu_mstaafu_kunduchi

Mwambie aje asimame kwangu pale chini, nitamchorea duara mchangani kuzunguka miguu yake. Kivuli kitakuwa chini ya nyayo, amekikanyaga, hakiendi popote. Na huyo kaka yake mpe ile kazi ya kueleza kwa nini Machi ni dakika 35. Aje nayo imeandikwa.